Shajara ya mradi: ramani ya hatari ya moto katika vijiji vitatu vya Mufindi

Juni 9

Tumeanza. Baridi ya Mufindi, huku mkoani Iringa, Tanzania, mwezi huu ni kali, ukungu unalala juu ya mashamba ya chai mpaka saa nne asubuhi, na ukimwambia mtu umekuja kwa ajili ya moto anakuangalia mara mbili. Lakini wakati wenyewe ndio huu. Mvua zimekatika Mei, nyasi zimekomaa na zimeanza kugeuka rangi. Ikifika Septemba hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuchora ramani, kila mtu atakuwa ameshika tawi bichi la kupigia moto.

Tuko watu wanne: mimi, mwenzangu wa ramani, afisa misitu wa kata, na kijana wa pikipiki ambaye anajua kila njia ya panya kuliko sisi sote. Kazi ni vijiji vitatu vilivyozungukwa na miti ya kupandwa. Kila kijiji kipate ramani moja ya kubandika ukutani pale ofisi ya kijiji, inayoonyesha moto utaanzia wapi, utapita wapi, utakuta nini, na watu watatokea wapi. Vijiji sivitaji humu, maana ramani inayoonyesha udhaifu wa watu ni mali yao kabla ya kuwa yetu.

Kwa asiyeijua sehemu hii: hapa ndipo lilipo Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, takriban hekta 135,000 chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Pembeni yake wananchi nao wamepanda. Ekari mbili tatu za misindano (wengi huku tunaiita paina) ndiyo ada ya sekondari, ndiyo mabati ya nyumba, ndiyo matibabu ya mzee. Mtu anapanda mtoto akiwa chekechea, anavuna mtoto akiwa amemaliza shule. Moto ukipita mwaka wa tisa, miaka tisa imeondoka kwa mchana mmoja.

Juni 17

Siku nzima mezani kukubaliana "hatari" maana yake nini. Neno hili kila mtu ana lake. Tumechukua mgawanyo ambao Idara ya Misitu ya Marekani inautumia, na ambao mwaka 2020 iliuwekea ramani ya nchi yao nzima: uwezekano wa moto kufika mahali, ukali wake ukifika, kilichopo pale, na jinsi kile kilichopo kitakavyoumia.

Hilo la nne ndilo linaloachwa kila mara, na huku kwetu ndilo lenye uzito. Moto uleule ukipita kwenye nyasi, mvua mbili tu na nyasi zimerudi. Ukipita kwenye miombo, ile miti imezoeana na moto, mingi inachipua. Mlingoti (mkaratusi) ukikatwa kisiki baada ya kuungua unatoa machipukizi. Paina haina njia hiyo. Ile tuliyonayo, Pinus patula, ikiwa changa ina ganda jembamba. Joto likishika shina pande zote mti umekufa, hata kama ncha bado ni ya kijani kwa wiki mbili tatu. Wengi wanadanganywa na hiyo kijani.

Juni 24

Setilaiti. Mwenzangu amepakua alama za moto za miaka kadhaa kutoka mfumo wa NASA ambao uko wazi kwa kila mtu. Skrini ilijaa madoa mekundu, na nakiri moyo ulinienda mbio, nikaona kama ramani imeshapatikana.

Haijapatikana. Tumekaa na madoa yale mpaka jioni na haya ndiyo tuliyoyaona. Kwanza, kihisi cha VIIRS, kilicho kwenye setilaiti zinazotoa alama hizo, kinaona kwa mraba wa mita 375, kwa hiyo doa moja linaweza kuwa kwenye msitu wa kijiji, kwenye shamba la mahindi, au kwenye bonde katikati yake. Pili, na hili ni kubwa zaidi, setilaiti hizo zinapita juu yetu kama saa saba na nusu mchana na tena kama saa saba na nusu usiku. Mkulima wa huku anawasha saa kumi na moja jioni upepo ukitulia. Moto wake ukizimika saa mbili usiku, angani haukuwahi kuwepo.

Ndiyo maana tumehamia picha za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zinazorudi kila siku 5 na zinaona mpaka mita 10 na 20. Hizo hazitafuti miali, zinatafuta kovu. Majani mabichi yanarudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ya karibu, ambao jicho halioni. Mahali palipoungua mwanga huo unashuka na ule wa mawimbi marefu zaidi unapanda. Unalinganisha picha ya kabla na ya baada, kovu linajichora lenyewe. Watafiti waliofanya hivyo kwa Afrika kusini mwa Sahara kwa mwaka 2016 walipata eneo lililoungua kubwa kwa asilimia 80 kuliko lile lililoonekana kwa MODIS, kihisi cha NASA chenye picha pana. Moto mdogo mdogo ndio unaopotea kwenye hesabu, na hapa kwetu moto mdogo ndio unaokula ekari mbili za mjane.

Julai 8

Kutembea. Mabonde ya huku ni ya kina, na chini karibu kila bonde lina vinyungu, zile bustani za kiangazi zinazolimwa kwenye unyevu wa mto: maharage, viazi, mahindi ya kuchoma. Juu ya vinyungu kuna ukanda wa nyasi. Juu ya nyasi, mlima mzima, paina.

Nilisimama pale chini nikatazama juu na nikaelewa kilichokuwa kinanisumbua tangu Juni. Moto hupanda mlima mbio kuliko unavyoshuka, kwa sababu miali inainamia nyasi za mbele na kuzikausha kabla haijazifikia. Kanuni ya wazimamoto ni kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko kasi inakuwa karibu mara mbili. Miteremko tuliyopima leo kwa kifaa cha simu ni nyuzi 18, 22, pengine zaidi. Na mkulima anaandaa kinyungu chake Julai hadi Oktoba, anakusanya mabua na magugu ukingoni, anachoma. Yaani kiberiti kiko chini, ngazi iko katikati, na mali ya kijiji iko juu.

Kwenye ramani yetu ya ofisini mabonde yalikuwa na rangi ya kijani, "hatari ndogo", kwa sababu ni mabichi. Tumeyabadilisha leo hii hii. Bonde lenyewe haliungui, ila ndiko moto unakozaliwa.

Julai 11

Leo nyumba kwa nyumba, kitongoji cha juu. Nitaeleza nyumba moja tu.

Bibi anaishi na wajukuu wawili. Nyumba kubwa ni ya tofali za kuchoma na bati, nzuri, imara. Tulipopiga hodi na kumwamkia, akatukaribisha jikoni kwa sababu ya baridi. Jiko liko peke yake nyuma ya nyumba, kuta za miti na udongo, paa la nyasi ambalo moshi umelipaka weusi wa kung'aa kwa ndani. Kwa nje, kuni zimepangwa vizuri sana, futi nne kwenda juu, zikiegemea ukuta. Upenuni sindano za paina zimekusanyika, kahawia, kavu, nene kama godoro, kwa sababu mti wa karibu uko hatua saba tu. Mjukuu mdogo alikuwa anazitumia kuwashia moto wa chai. Zilishika kwa kijiti kimoja cha kiberiti.

Nikamuuliza kama anaogopa moto wa msituni. "Wa msituni tunausikia ukija," akasema. "Mimi naogopa ule." Akanyoosha kidole kuelekea kilipokuwa kinu cha dingdong, zile mashine za kupasulia mbao zinazohamahama. Wenye mashine walishaondoka tangu mwaka jana, wameacha rundo la mabanzi na kilima cha unga wa mbao kirefu kuliko mimi. Alituambia kwamba kilima kile kilishawahi kushika moto kwa ndani, kikafuka siku tisa, watoto wakakatazwa kukikaribia kwa sababu juu kinaonekana kizima na chini ni kaa tupu.

Tumepima: kutoka kilima hadi jiko la nyasi ni mita 40. Wanaochunguza nyumba zilizoungua kule Marekani wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba nyumba nyingi hazichomwi na ukuta wa miali, zinachomwa na cheche zinazotangulia, zikitua kwenye kitu kikavu kilicho karibu na ukuta. Mimi nilikuwa nimesoma hayo. Jikoni kwa bibi ndipo nilipoyaona.

Kabla ya kuondoka tulihamisha kuni zote, sisi na wajukuu, tukazipanga upande wa shimo la taka. Tukafagia sindano. Ilichukua dakika 50.

Julai 12

Fomu ya nyumba imeandikwa upya. Imeongezwa: paa la jiko, kuni ziko wapi, kuna nini upenuni, umbali hadi rundo la mabanzi, maji ya kudumu yako umbali gani. Swali la "nyumba ni ya tofali au ya udongo" tumelishusha mwisho.

Julai 23

Mkutano wa kijiji, chini ya mlingoti mkubwa wa ofisini. Mwenyekiti alifungua, mtendaji akasoma sheria ndogo. Sheria ya Misitu ya 2002 ina sehemu nzima juu ya moto, na vijiji hivi vina sheria ndogo zao: kuomba ruhusa, kuwaambia majirani kabla ya kuwasha. Karibu wote wanazijua. Kujua hakukosekani.

Tulipouliza moto unatoka wapi, mwanzo walitajwa warina asali na wawindaji wa ndezi. Hao hutajwa kwanza kila mahali, kwa sababu hawapo mkutanoni. Tukawaachia watu mchanga na majivu wachore kijiji chini, kila mtu aweke jiwe pale alipowahi kuona moto ukianza. Baada ya nusu saa mawe yalikuwa yamejipanga kama shanga, yakifuata mito miwili. Hakuna aliyesema neno la vinyungu. Mawe yalisema. Mzee mmoja aliyatazama kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Basi ni sisi."

Baadaye yakaja na mengine, magumu: wivu wa miti, mipaka ya mashamba, ugomvi wa mirathi. Tumeyasikiliza na hatutayaweka kwenye ramani. Ukimwekea mtu alama nyekundu kwa ugomvi wake umewasha moto mwingine.

Mama mmoja alisema jambo ambalo nimeliandika neno kwa neno: "Ule wa Kilimanjaro tulitangaziwa redioni. Wa kwetu nani anautangaza?" Oktoba 2020 Kilimanjaro iliungua kilomita za mraba 95.5 na dunia nzima ilijua. Hapa ekari zinaondoka moja moja, kila mwaka, na hesabu yake iko vichwani mwa wenyewe.

Agosti 6

Barabara za moto, zile njia zinazosafishwa ili moto usivuke. Kwenye karatasi zipo. Tumezitembea kilomita sita na futi kamba: penye mita 10 ni mita 3, na katikati imeota brakeni (kangaga la milimani) na paina za kujiotea zenye urefu wa kiuno. Barabara ya moto iliyoota ni daraja. Zile safi ni tatu tu, na moja ni shamba la chai, ambalo hakuna aliyelihesabu kuwa kinga. Chai iliyoshikana ni mbichi mwaka mzima na chini yake nyasi hazioti.

Agosti 19

Nimekuwa nikisoma habari za Ureno usiku, na lazima niziweke hapa kwa sababu zinafanana nasi mno. Juni 2017, Pedrógão Grande: vijiji vya milimani, vijana wamehamia mijini, wazee wamebaki, paina na milingoti imepandwa mpaka ukutani mwa nyumba. Walikufa watu 66, wengi wao barabarani wakijaribu kukimbia. Mwaka uliofuata nchi ile ilianzisha mpango wa vijiji salama: kila kijiji kinachagua mtu wa kutoa taarifa, mahali pa kukusanyikia, na njia ya kutokea.

Miti ile ni ya jamii moja na hii yetu. Asubuhi nikamwambia kijana wa pikipiki anipeleke kwenye njia za kutokea kijiji cha pili. Ipo moja. Inapita mita 600 kati ya mashamba mawili ya paina ambayo hayajapogolewa, matawi makavu yamegusa ardhi, na juu yamekutana kama dari. Pikipiki ilipoingia humo tuliwasha taa, saa tano ya asubuhi.

Kwa hiyo watu wa pale wasikimbie kwa njia ile. Uwanja wa mpira wa shule ya msingi ni ardhi tupu, umekanyagwa mpaka hauoti kitu, na una mashamba ya viazi pande mbili. Tumewauliza walimu na mwenyekiti, wamekubali: huko ndiko pa kukusanyikia. Na wenye mashamba yale mawili tutakaa nao juu ya kupogolea matawi ya chini, ukanda wa mita 15 kila upande kwanza, maana kupogolea shamba zima kuna gharama na si kila mtu anayo.

Septemba 14

Kuna kanuni ya kukariri ya wazimamoto: joto juu ya nyuzi 30, unyevu wa hewa chini ya asilimia 30, upepo juu ya kilomita 30 kwa saa. Kwa Mufindi haifai. Tuko juu, joto la 30 hapa ni nadra, na mtu akisubiri 30 atasubiri huku mlima unaungua. Kinachotupata ni ukavu na upepo. Nyasi nyembamba zinapokea na kupoteza unyevu ndani ya saa moja hivi. Saa moja asubuhi zina umande, saa tano zinavunjika mkononi. Magogo huchukua wiki na miezi. Tumetengeneza kipimo cha kijiji: kunja nyasi kumi, zikivunjika nane au zaidi, na majani ya mgomba yanapigana, bendera nyekundu inapanda ofisini na hakuna kuwasha. Kijana wa darasa la sita ndiye mwenye bendera. Anaifanya kazi yake kwa makini sana.

Septemba 29

Moto, kijiji cha kwanza. Umeanzia ukingo wa kinyungu, saa nane mchana, bendera ikiwa juu. Mwenyewe aliwasha jana yake, akazima kwa maji, akaenda nyumbani akiamini umekufa. Chini ya mabua kulikuwa na kaa, leo upepo umeliamsha.

Rimu la gari linalotumika kama kengele ya shule liligongwa mfululizo. Tulifika tukakuta watu kama 60 tayari, matawi mabichi, majembe, pampu mbili za mgongoni. Nyasi za mteremko zilichukua muda mfupi kuliko nilivyotumia kuandika sentensi hii. Kwenye paina, moto uliinama chini, ukala sindano, ukapanda kwa matawi makavu. Mlio wake kwenye utomvu ni kama mafuta ya kukaangia yaliyomwagiwa maji. Ulisimama kwenye chai. Hatukuuzima sisi, chai ndiyo iliyousimamisha, sisi tulizuia pembeni.

Hakuna aliyeumia. Ekari moja na robo ya mzee yule aliyesema "basi ni sisi" imekwisha. Miti ya miaka minane.

Oktoba 4

Picha ya Sentinel imekuja, bila wingu. Kovu lina umbo la ulimi, limetoka mtoni likafuata mteremko uleule tulioubadilisha rangi Julai 8. Setilaiti ya saa saba na nusu haikuuona moto huu. Ulianza nusu saa baada yake.

Oktoba 21

Ramani tatu zimebandikwa. Ni za karatasi, kubwa, zina majina ya Kihehe ya mito na vilima, kwa sababu majina ya kwenye ramani za serikali wazee hawayatumii. Mistari myekundu inafuata kingo za vinyungu. Uwanja wa shule una duara la bluu. Nyumba 14 zina alama ya jiko, na kwa kila moja mwenye nyumba alikubali kwanza.

Novemba 26

Mvua ya kwanza ya kweli imenyesha jana usiku. Bendera imeshushwa. Nimepita kwa bibi, kuni bado ziko kule tulikozihamishia, na kilima cha unga wa mbao vijana wamekisambaza shambani kwenye viazi.

Kisha nimekwenda kwa mzee. Tumeihesabu miti yake iliyokufa, mmoja mmoja, ili aweze kuuza kama nguzo na kuni kabla bungua hawajaingia. Aliniuliza akipanda upya aanzie wapi. Tukashuka wote mpaka ukingo wa kinyungu, tukageuka, tukahesabu hatua kwa sauti, yeye mbele mimi nyuma, mpaka ishirini. Sehemu ile ya chini atapanda majani ya ng'ombe na kuyakata mabichi. Kwenye hatua ya ishirini akachomeka kijiti cha mwanzi, akakipiga kwa jiwe, akaenda kutafuta cha pili.